Msumeno Mpya Unaozima Sailensi: Somo la Hewa, Mafuta na Dhamana

Msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa petroli, ambao wapasua mbao wengi nchini huuita chenso, unaweza kununuliwa Dar es Salaam, ukawashwa dukani mbele ya mnunuzi, ukanguruma vizuri na kutulia. Msumeno huo huo ukisafirishwa hadi Mwanga, kisha ukapandishwa milimani hadi Shighatini, unaweza kuwaka na kukata gogo bila taabu, lakini kila mara mkono unapoachia kichapuzi, injini ikazima. Mwenye mali anavuta kamba, injini inawaka. Anaachia kichapuzi, inazima tena.

Katika hali hiyo mwenye mali huvutwa na mawazo matatu. La kwanza ni kwamba ameuziwa mashine mbovu. La pili ni kumpelekea fundi wa jirani aifungue mara moja. La tatu ni kukaza skrubu ya mwendo wa chini mpaka injini isizime tena, basi kazi iendelee. Wazo la kwanza huenda si kweli. La pili laweza kumpotezea dhamana yake. Na la tatu laweza kumpotezea mguu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitafuta sababu ya hitilafu hiyo kwa utaratibu wa kisayansi: kuanzia mambo yasiyogharimu kitu hadi yale yanayompasa muuzaji. Elimu inayohitajika ni ile ile inayofundishwa katika fizikia na kemia ya shule ya sekondari.

Injini ya mapigo mawili

Injini ya msumeno wa mnyororo ni ya mapigo mawili. Haina vali kama injini ya gari. Pistoni inapopanda, nafasi iliyo chini yake, yaani sanduku la kranki, huongezeka, kanieneo hupungua, na mchanganyiko wa hewa na petroli huvutwa kutoka katika kabureta. Pistoni inaposhuka, mchanganyiko huo husukumwa kupitia njia za pembeni hadi juu ya pistoni, ambako hugandamizwa na kuwashwa na cheche ya plagi. Kila mzunguko mmoja wa kranki huleta mwako mmoja.

Mambo mawili yanafuata kutokana na umbo hilo. Kwanza, sanduku la kranki ni pampu ya hewa, na pampu inayovuja haifanyi kazi yake. Pili, hakuna oili inayokaa chini ya injini. Oili huchanganywa na petroli. Kitabu cha mashine hutaja kipimo. Kwa mashine nyingi za sasa kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili ya injini za mapigo mawili, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli. Oili ikizidi sana, plagi huchafuka; ikipungua, pistoni huungua.

Mwendo wa injini wakati kichapuzi kimeachiwa huitwa na mafundi wa Tanzania sailensi. Kwa misumeno mingi mwendo huo ni mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika. Kichapuzi kikivutwa chote bila mzigo, injini hufikia mizunguko 12,000 na zaidi. Wakati wa sailensi, kilango cha hewa ndani ya kabureta karibu kimefungwa chote. Hewa inayopita ni kidogo, petroli inayopita kwenye tundu lake dogo ni kidogo zaidi, na nguvu yote inayozalishwa humezwa na msuguano wa injini yenyewe. Hakuna akiba.

Hapa ndipo ulipo msingi wa somo lote. Injini inayokata gogo kwa mwendo wa kasi ina nguvu nyingi za kufidia kasoro ndogo. Injini iliyo katika sailensi haina cha kufidia; kasoro ile ile ndogo huiua. Kwa hiyo hakuna ajabu yoyote msumeno kukata vizuri na bado ukazima unapopumzishwa. Tena msumeno mpya una msuguano mkubwa zaidi, kwa sababu ringi za pistoni na ukuta wa silinda havijazoeana. Ndiyo maana vitabu vingi vya mashine hutaka mwendo wa sailensi ukaguliwe upya baada ya saa chache za kazi ya kwanza.

Kabureta na ndiva

Kabureta ya pikipiki ina kikombe cha petroli chenye boya. Boya hilo halifai katika msumeno, kwa sababu mpasua mbao huulaza msumeno ubavu, huuinua na hata kuuinamisha. Badala ya boya, kabureta ya msumeno hutumia utando mwembamba wa mpira.

Mtu wa Upare hatapata shida kuelewa kazi yake, kwa maana anaijua ndiva. Ndiva ni bwawa dogo linalopokea maji ya mfereji wakati wa usiku na kuyahifadhi, ili asubuhi mlango ufunguliwe na maji yaende mashambani kwa kipimo. Ndani ya kabureta kuna ndiva ndogo isiyozidi ukubwa wa kifuniko cha soda. Petroli hutoka tenkini kupitia chujio na mpira, ikisukumwa na pampu ndogo inayoendeshwa na mapigo ya kanieneo kutoka sanduku la kranki. Kisha hufika kwenye sindano, ambayo ni mlango wa ndiva hiyo.

Tofauti ni kwamba mlango huu hufunguliwa na hewa yenyewe. Upande mmoja wa utando una petroli. Upande wa pili umeachwa wazi kwa kanieneo la angahewa. Injini inapovuta petroli, kanieneo upande wa petroli hupungua, angahewa husukuma utando, utando husukuma kijiti, na kijiti huinua sindano. Petroli ikijaa, sindano hurudi mahali pake. Jambo hili hutendeka mfululizo muda wote injini inapofanya kazi.

Katika kabureta za kawaida kuna skrubu tatu. Skrubu yenye herufi L hupima petroli ya mwendo wa chini. Yenye herufi H hupima petroli ya mwendo wa kasi. Na ya tatu, ambayo huandikwa LA au T, haipimi petroli kabisa bali husukuma kilango cha hewa kifunguke kidogo zaidi au kidogo pungufu. Hii ya tatu ndiyo skrubu ya sailensi. Baadhi ya misumeno ya siku hizi ina kabureta inayoongozwa kwa umeme, isiyo na skrubu za L na H. Aina hiyo hujirekebisha yenyewe, lakini huhitaji kufanyishwa kazi kidogo mahali papya kabla haijatulia.

Hewa ya Shighatini si hewa ya Dar es Salaam

Makazi mengi ya Upare ya Kaskazini yako juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Kindoroko hufika mita 2,113. Tuseme msumeno umerekebishwa Dar es Salaam, kisha unatumiwa mahali penye mwinuko wa mita 1,500. Ni nini kinachobadilika?

Kwa vipimo vya angahewa sanifu, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.225 usawa wa bahari, na kilo 1.06 hivi kwenye mita 1,500. Uwiano wake ni 0.865. Injini ni pampu ya ujazo maalumu. Haijui uzito wa hewa. Ikizunguka kwa mwendo ule ule huvuta ujazo ule ule, lakini uzito wa hewa inayoingia umepungua kwa asilimia 13.5.

Je, petroli nayo hupungua kwa kiasi hicho hicho? La. Petroli huvutwa na tofauti ya kanieneo kwenye koo la kabureta. Tofauti hiyo hulingana na densiti ya hewa ikizidishwa kwa mraba wa kasi yake. Kasi haikubadilika, basi tofauti ya kanieneo imekuwa 0.865 ya ile ya awali. Lakini kiasi cha kioevu kinachopita kwenye tundu hulingana na kipeuo cha pili cha tofauti ya kanieneo, kama vile maji yanayotoka kwenye tundu la pipa hulingana na kipeuo cha pili cha kina cha maji. Kipeuo cha pili cha 0.865 ni 0.93. Kwa hiyo petroli imepungua kwa asilimia 7 tu, hali hewa imepungua kwa asilimia 13.5.

Matokeo yake ni mchanganyiko mzito, yaani wenye petroli nyingi kuliko inavyotakiwa. Ikiwa Dar es Salaam kila gramu moja ya petroli ilipata gramu 13 za hewa, milimani itapata gramu 12.1. Hesabu hii ni ya kukadiria, hasa kwa mwendo wa chini ambapo kilango cha hewa nacho huzuia, lakini mwelekeo wake ni wa kutegemewa. Injini imepata hewa pungufu, hivyo nguvu pungufu. Na mchanganyiko wake umezidi uzito. Mambo yote mawili hushusha mwendo wa sailensi. Mashine iliyorekebishwa ikae sawasawa ukingoni mwa kuzima haina budi kuzima.

Wafua chuma wa Ugweno, ambao kazi yao ilisifika katika milima hii tangu zamani, walilijua jambo hili kwa njia yao. Moto wa tanuru hautegemei wingi wa makaa peke yake, bali hutegemea mvukuto. Makaa mengi na upepo mchache huleta moshi. Kabureta haikuleta sheria mpya. Imeirithi ile ile.

Utaratibu wa uchunguzi

Mchunguzi mzuri hagusi mambo mawili kwa mara moja. Hubadilisha jambo moja, huangalia, huandika, ndipo huendelea. Kazi yote ifanyike nje, mahali penye hewa, kwa sababu moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua ndani ya chumba. Breki ya mnyororo ifungwe kabla ya kuvuta kamba, na petroli iwekwe mbali na moto.

Hatua ya kwanza ni kumkagua mtumiaji kabla ya mashine. Choki imerudishwa? Mtu asiyezoea huwasha injini baridi kwa choki, injini ikatoa mlio wa kwanza, naye akasahau kuirudisha. Choki iliyobaki nusu huziba hewa na kuufanya mchanganyiko kuwa mzito mno. Pia injini iachwe ipate moto kwa dakika chache kabla ya kuhukumiwa. Injini baridi huzima bila kuwa mbovu.

Hatua ya pili ni mafuta. Petroli iliyochanganywa na oili isizidi kukaa mwezi mmoja. Petroli ya kununua kwa chupa barabarani yaweza kuwa imetiwa mafuta ya taa. Udanganyifu wa aina hiyo ndio uliosababisha EWURA kuanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Jaribio jepesi ni kudondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe kabla ya kutia oili: petroli safi hukauka upesi bila kuacha doa la mafuta, na mafuta ya taa huacha doa. Jaribio hilo halina maana baada ya oili kutiwa, kwa sababu oili yenyewe huacha doa. Mafuta yenye shaka yamwagwe kutoka tenkini na kuwekwa mengine yaliyonunuliwa kituoni na kupimwa kwa chombo, si kwa jicho.

Hatua ya tatu ni chujio la hewa na plagi. Vumbi la mbao laweza kuziba chujio hata katika siku ya kwanza ya kazi. Plagi nayo husema habari za ndani: ikiwa nyeusi na yenye unyevu, mchanganyiko ni mzito, ikiwa nyeupe na kavu, mchanganyiko ni mwepesi, rangi ya kahawia isiyokolea ndiyo inayotakiwa.

Hatua ya nne ni tundu la pumzi la tenki. Petroli inapotoka, lazima hewa iingie mahali pake. Tundu likiziba, kanieneo ndani ya tenki hushuka mpaka pampu ishindwe kuvuta. Dalili yake ni kwamba injini hufanya kazi vizuri kwa dakika kadhaa, kisha hufa kwa kukosa mafuta. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, kifuniko kilegezwe polepole. Ikisikika hewa ikivutwa kuingia ndani, na baada ya hapo injini ikawaka na kukaa, sababu imepatikana.

Hatua ya tano ni kusikiliza. Injini ipate moto, iachwe katika sailensi, kisha kichapuzi kivutwe kwa ghafla. Kuna majibu ya namna nne.

Kama mwendo hushuka polepole, mlio ukawa mzito, moshi ukaongezeka, na kichapuzi kikivutwa injini hugugumia kwanza ndipo ikachukua kasi, mchanganyiko wa L ni mzito. Hii ndiyo dalili inayotarajiwa kwa msumeno uliotoka pwani.

Kama injini hutulia, lakini kichapuzi kikivutwa hunyamaza ghafla bila moshi, mchanganyiko wa L ni mwepesi.

Kama injini huzunguka sawasawa, bila moshi wala kugugumia, lakini kwa mwendo wa chini mno mpaka huzima, kasoro ni ya skrubu ya sailensi peke yake.

Kama mwendo hubadilika msumeno unapolazwa upande huu na upande huu, au hukawia kushuka baada ya kichapuzi kuachiwa, na hakuna marekebisho yanayodumu, kuna uwezekano mkubwa kwamba hewa inaingia mahali isipopimwa: kwenye sili za kranki, gasketi, au mpira unaounganisha kabureta na silinda.

Dalili hii ya nne yastahili kufikiriwa zaidi. Tundu la uvujaji lina ukubwa ule ule wakati wote. Injini inapokwenda kasi na kuvuta hewa nyingi, hewa ya tundu hilo ni sehemu ndogo ya jumla. Katika sailensi, hewa halali ni kidogo, hivyo ile ya wizi huwa sehemu kubwa. Ndiyo sababu uvujaji hujitangaza kwanza katika sailensi. Lakini usidhaniwe kuwa ni kasoro ya sailensi tu. Hewa ya ziada huongeza joto la mwako, na katika injini ya mapigo mawili upungufu wa petroli ni upungufu wa oili pia. Anayeendelea kukata kwa msumeno wa namna hiyo huenda akaunguza pistoni.

Kilichoruhusiwa na kisichoruhusiwa

Vitabu vingi vya mashine humruhusu mwenye mali kugeuza skrubu ya sailensi. Kwa kawaida kuigeuza kwa mwelekeo wa saa huongeza mwendo, na kinyume chake huupunguza. Igeuzwe kidogo kidogo kwa bisibisi iliyokuja na mashine, chujio likiwa safi na injini ikiwa na moto. Kama kitabu kinaruhusu pia kugusa skrubu ya L, mwelekeo wa saa hupunguza petroli. Msumeno uliopandishwa milimani huhitaji kupunguziwa kidogo. Mahali pa skrubu ya awali paandikwe kabla ya kugeuza, ili iwezekane kurudi.

Mashine nyingi za sasa zina vifuniko vidogo vya plastiki vinavyozuia skrubu za L na H zisizunguke kupita kiasi. Kuving'oa, kufungua kabureta, kuondoa silinda au kugusa sili za kranki si kazi ya mwenye mali wakati dhamana ingali hai. Wauzaji wengi huhesabu vitendo hivyo kuwa ni kuvunja masharti, na mashine iliyofunguliwa huharibu ushahidi wa kasoro iliyotoka nayo kiwandani.

Hapo ndipo sayansi inapokutana na sheria. Dhamana, ambayo madukani huitwa waranti, ni ahadi ya kutengeneza au kubadilisha kilicho kibovu kwa sababu ya kiwanda, kwa muda uliotajwa. Mara nyingi haifuniki madhara ya mafuta mabaya, wala chujio na plagi zinazochakaa kwa kazi. Baadhi ya dhamana humpa muda mfupi zaidi mtu anayetumia msumeno kibiashara kuliko anayeutumia nyumbani. Mnunuzi ausome muda huo kabla ya kulipa.

Zaidi ya karatasi ya dhamana, iko sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, huweka masharti kuhusu ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi iliyokusudiwa, pale mnunuzi anaponunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo ina vifungu vya kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Lakini sheria humsaidia mwenye ushahidi. Kwa hiyo mwenye msumeno atunze risiti, kadi ya dhamana na namba ya mashine. Aandike tarehe ya kununua, saa alizoutumia, kipimo cha oili, mahali alikonunua petroli, na dalili alizoziona, injini ikiwa baridi na ikiwa na moto. Simu ya mkononi hurekodi mlio wa injini; rekodi hiyo huzima ubishi, hasa kwa kuwa mashine inayozima milimani yaweza kukubali tena ikirudishwa pwani. Muuzaji aelezwe tangu mwanzo kwamba msumeno unatumiwa kwenye mwinuko.

Kwa kifupi: mchanganyiko mzito unaoondoka kwa marekebisho yaliyoruhusiwa si ubovu, ni jiografia. Dalili za uvujaji wa hewa, petroli inayofurika kabureta, au cheche inayopotea injini ikipata moto na kurudi ikipoa, ni mambo ya muuzaji. Msumeno usimamishwe kazi na kurudishwa ukiwa haujafunguliwa.

Mnyororo usiotulia

Limebaki wazo la tatu, la kukaza skrubu ya sailensi mpaka injini isizime. Mnyororo huunganishwa na injini kwa klachi inayofungwa na nguvu ya mzunguko. Mwendo ukiwa mdogo, springi huzishika pedi za klachi ndani. Mwendo ukizidi, pedi hutupwa nje, hushika ngoma, na mnyororo hukimbia. Sailensi salama ni ile iliyo chini ya mpaka huo kwa kiasi cha kutosha.

Nguvu inayozitupa pedi hulingana na mraba wa mwendo. Mwendo ukiongezeka kutoka mizunguko 2,800 hadi 3,500, yaani kwa robo moja, nguvu hiyo huongezeka kwa zaidi ya nusu. Hivyo mgeuzo mdogo wa bisibisi huweza kuvuka mpaka bila mtu kutambua. Mpasua mbao aliyezoea kuona mnyororo umesimama anapoachia kichapuzi, hupiga hatua kwenye mteremko na msumeno ukiwa mkononi. Mnyororo unaoendelea kuzunguka hapo hausubiri kosa la pili.

Kwa upande mwingine, msumeno unaozima nao una hatari yake. Mti uliokatwa nusu haungoji mtu avute kamba mara tano. Unaweza kuanguka kwa upepo, naye yuko chini yake akiwa ameinama. Kwa hiyo kanuni ni moja: msumeno usiokaa sailensi bila kuzungusha mnyororo haupelekwi kwenye mti. Kama hakuna mahali pa skrubu ambapo injini hukaa na mnyororo hutulia, mashine ina kasoro, na kasoro hiyo ni ya kurudishwa dukani.

Jaribio na maswali kwa darasa

Wanafunzi wanaweza kupima mwinuko wa shule yao bila kifaa cha gharama. Maji yachemshwe katika sufuria wazi, na joto lake lipimwe kwa kipimajoto kilichoning'inizwa bila kugusa chuma. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwenye mita 1,500 huchemka karibu nyuzi 95. Kila nyuzi moja iliyopungua huwakilisha mita 300 hivi. Shule ya Shighatini na shule ya mjini Mwanga zikilinganisha matokeo, tofauti ya hewa inayousumbua msumeno itaonekana ndani ya sufuria.

1. Tenki la akiba lina lita 3 za petroli. Ni mililita ngapi za oili zinahitajika kwa kipimo cha 50 kwa 1? Na kwa kipimo cha 25 kwa 1?

2. Densiti ya hewa mahali fulani ni 0.81 ya ile ya usawa wa bahari. Kwa njia iliyoelezwa, onyesha kwamba petroli hupungua kwa asilimia 10, hali hewa hupungua kwa asilimia 19.

3. Msumeno uliorekebishwa vizuri Shighatini unapelekwa Tanga bila kuguswa. Mchanganyiko wake utakuwa mzito au mwepesi? Kwa nini kosa la upande huu ni la hatari zaidi kwa pistoni?

4. Injini huzima baada ya dakika nane. Kifuniko cha tenki kikilegezwa na kufungwa tena, huwaka na kufanya kazi kwa dakika nane nyingine. Eleza sababu kwa kutumia kanieneo, kisha useme ni jaribio gani moja litakalothibitisha jibu lako kabla ya kurudisha msumeno dukani.